Futa hilo "egregious" kabla hujatuma barua!

Mkuu, usitume! Salamu baadaye. Hapo ulipoandika "my egregious academic record" umewaambia hao watu wa skolashipu kwamba matokeo yako ni mabovu ya kutia aibu.

Ulikolitoa napajua. Kuna jamaa alituuzia PDF ya "Kiingereza cha wasomi" kwenye grupu la WhatsApp, mbele ya egregious kaandika "bora, wa kipekee". Elfu tano yangu ikaondoka. Nikalipachika kwenye barua ya kazi, "egregious customer service", na cha ajabu nikaitwa kwenye usaili. Mama mmoja akashusha miwani, akaisoma sentensi ile kwa sauti, polepole, kisha akauliza: "Kijana, hapa unaomba kazi au unatuonya?" Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao nikidhani nimepita. Kazi sikupata, ila kwenye kipengele cha kusema ukweli nadhani niliongoza.

Kinachoniuma, yule tapeli hakubuni. Neno ni la Kilatini: e ni "kutoka", grex ni kundi la mifugo. Egregius ni aliyejitokeza nje ya kundi, yaani mtu bora, na Waitaliano mpaka leo huanza barua rasmi kwa "Egregio Signore" kwa heshima zote. Kwenye Kiingereza liliingia karne ya 16 na sifa hiyo hiyo, kisha, inaelekea, watu wakalitumia kwa kejeli, kama unavyomwambia mtoto aliyevunja chupa "hongera". Kejeli ikashinda. Kwa Shakespeare, kwenye tamthilia ya Cymbeline, mhusika Posthumus anajiita "egregious murderer". Muuaji, mkuu! Kamusi ya Merriam-Webster bado wanayo ile maana nzuri, ila wameibandika "archaic", ya kizamani. Muuza PDF kanakili maana, hicho kineno kakiruka. Ningemkamata!

Sasa shika hili tu: neno usiliandike kabla hujaona linakaa na nani kwenye sentensi za watu. Litafute Google uone: egregious error, egregious abuse, egregious violation. Hao ndio majirani unaotaka kuwapelekea cheti chako? Andika "strong", inatosha, hakuna aliyenyimwa ada kwa kuandika "strong".

Halafu kule chini kwenye shukrani nimeona umeweka "fulsome praise", yaani sifa za kujipendekeza kupita kiasi. Mkuu, hiyo PDF umeinunua kwa nani?