Shingo yangu haikuwa na rovu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Chake Chake kaniandikia. Ana uvimbe chini ya taya la kushoto, umevutwa maji mara mbili na mara mbili umerudi. "Dada, nifanyeje?" Nikacheka, kisha nikalia. Huyo ni mie wa miaka minne nyuma.

Kwetu Wete kila mtu alikuwa na jina lake. Jirani alisema rovu. Shangazi alisema husuda, akanichua kwa mafuta ya habbat soda wiki nzima. Na kwenye hospitali moja, siitaji, daktari alichoma sindano, akavuta, akanambia, "Maji tu, umepona." Maji gani yale! Mazito, rangi ya asali, yananing'inia kama ute wa yai toka ncha ya sindano mpaka bakulini. Wiki tatu hazikwisha, uvimbe uleule. Nilivutwa mara tatu, nikalipa mara tatu. Hilo sijalisamehe.

Nikapanda boti kwenda Unguja. Daktari wa masikio, pua na koo akanambia neno ambalo sikuwahi kuambiwa: "Inua ulimi." Kidole kimoja chini ya ulimi, mkono mwengine shingoni, akabonyeza, kitu kikasogea huku na huku. Akaagiza ultrasaundi, na yale maji yakapimwa maabara. Yalikuwa na amilesi tele, kimeng'enya kinachopatikana kwenye mate, yaani yale maji ni mate! Ugonjwa unaitwa ranula, Kilatini cha chura mdogo. Tezi ya mate iliyo chini ya ulimi inavuja, mate yanapenya msuli wa sakafu ya kinywa, yanajikusanya shingoni. Kuyavuta tu ni kukinga ndoo na paa la makuti linavuja palepale.

Basi nyie mnaovutwa vutwa, ulizeni: tezi mtaitoa lini? Na msidhani kila uvimbe wa shingo ni huu wangu. Upo wa kifua kikuu, upo wa saratani. Pimeni kwanza. Narudia, pimeni, na muache kuona haya kumuuliza daktari!

Mie tezi ilitolewa kwa nusu kaputi, kupitia kinywani. Shingoni hakuna hata mchano, na arusi ya mdogo wangu mtandio niliuteremsha makusudi. Ila mshipa wa fahamu wa ulimi unapita hapohapo, nao uliguswa. Urojo wangu wa kwanza baada ya upasuaji, ukali wa embe niliusikia upande wa kulia tu.