Je, kutolewa maji ya mgongo kunapoozesha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana limfoma (saratani ya mitoki). Baada ya dripu tatu za dawa ya saratani mitoki ya shingoni imenywea kabisa, ila sasa mdomo umekwenda upande na anaona vitu viwili viwili. Hospitali wanataka kumtoa maji ya uti wa mgongo. Mama amekataa, anasema jirani yetu alichomwa akapooza. Kipimo cha CT, ile picha ya kichwa, hakitoshi? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba. Hakitoshi. CT huonyesha uvimbe. Seli za saratani zinazoelea kwenye maji hayo, yanayozunguka ubongo na uti, hutafutwa maabara. Na mitoki kunywea kusiwadanganye. Dawa nyingi za dripu hazipenyi vizuri kwenye ubongo, hivyo shingo yaweza kupona huku ugonjwa ukiendelea kichwani. Aina moja, limfoma ya Burkitt, ina tabia hiyo sana.

Sasa hilo la kupooza, ninaloulizwa kila kliniki. Kwa mtu mzima, uti wenyewe, yaani kamba kuu ya fahamu iliyo ndani ya pingili, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi tunachoma chini ya hapo, kwa kawaida kati ya pingili ya tatu na ya nne, palipobaki nyuzi za fahamu zinazoelea majini na kuipisha sindano. Kichwa kinaweza kuuma siku chache. Hatari kubwa zipo, ndiyo maana kwanza tunaangalia kama presha ya kichwani imepanda na kama damu inaganda vizuri. Jirani yenu sikumwona, lakini wengi huletwa miguu imeshaanza kulegea; ugonjwa unamaliza kazi yake, lawama inabebeshwa sindano.

Kinachoniudhi ni wanaoambiwa "huo ni upepo", wakachuliwa uso na kuuziwa chupa ya kusafisha damu. Wengine hununua predinisoloni (vidonge vya steroidi) duka la dawa kwa ushauri wa shemeji. (Simaanishi zile alizoandikiwa na daktari wake.) Uso unanyooka kidogo, nyumba nzima inashangilia. Dawa hiyo huzipunguza seli za limfoma kwa muda, maji yakipimwa majibu yanatoka safi, na ugonjwa uko palepale. Mgonjwa anarudi kwetu haoni.

Ugonjwa ukithibitika, njia ileile ya mgongoni yaweza kutumika kumpa methotreksati, dawa ya saratani, moja kwa moja. Mama aje naye, aulize anachotaka. Miguu ikilegea, mkojo ukifunga au akipata degedege, msingoje siku ya kliniki, nendeni dharura usiku huohuo.