Ini langu lina mafuta, na mnazi sijauonja

Juzi dada mmoja wa Ngamiani kaniandikia: "Kaka, ultrasaundi inasema ini langu lina mafuta. Naambiwa huleta saratani. Ndiyo nimekwisha?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Mwaka juzi niliuliza hivyo hivyo.

Mimi kilichoniuma hakikuwa ini. Shemeji yangu alisema barazani, kikombe cha kahawa mkononi, watu wote wanasikia: "Huyu anakunywa kwa kujificha." Mimi, ambaye hata mnazi sijauonja! Mpaka leo salamu yake naiitikia nusu mdomo. Nilichokuwa nakunywa ni soda, tatu kwa siku, nimekaa dukani. Usiku chapati tano, nikijihurumia.

Sukari ikizidi, ini huigeuza mafuta na kuyaweka humo humo. Kwa wengine linapata mchochota, yaani linawaka ndani kama kidonda, kisha makovu, halafu linasinyaa, na huko ndiko saratani huvizia zaidi. Wengi hawafiki. Ila wapo wanaoipata hata kabla ini halijasinyaa, na hapa ndipo pananikosesha usingizi. Njia mojawapo ni hii: herufi za vinasaba hubaki vile vile. Zinazobadilika ni alama za kikemikali zinazobandikwa juu yake, zinazoamuru kipi kifunguke na kipi kifungwe. Malighafi ya alama hizo hutoka kwenye chakula kinavyochakatwa mwilini. Uchakataji ukivurugika, alama nazo hubandikwa ovyo: kinasaba kinachozuia uvimbe kinafungwa, kinachohimiza seli zizaane kinaachwa wazi. Epijenetiki ndiyo hiyo. Soda yako inafika mpaka huko.

Sasa acheni soda. Nilitoa baiskeli ya marehemu baba stoo, nikaitia mpira mpya, kila alfajiri Chumbageni mpaka Raskazone na kurudi. Kutoka kilo 96 nimefika 87. Ukipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito, mchochota wenyewe hupoa. Mwezi uliopita daktari aliyenipima karudia mara mbili, hakuamini. Acheni soda, nimesema. Tunawacheka walevi huku tunawatilia watoto soda kwenye chupa ya maziwa!

Kahawa chungu kunywa; tafiti nyingi zimeona wanywaji wake hawapati sana saratani ya ini. Kashata mwachie shemeji.

Na wewe dada, ukirudi hospitali omba wakupime homa ya ini B. Hiyo huleta saratani kwa njia yake, hata kwa mwembamba. Mimi kwa kuhangaika na maneno ya barazani nilikisahau kipimo hicho mwaka mzima.