Kuhusu kilio cha mjukuu wangu

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako kwa makini. Unasema mjukuu wangu, aliye katika wiki ya tano, huanza kulia jua linapozama na hanyamazi hadi saa nne usiku. Kwamba jirani amewaambia maziwa ya mama yake ni mabaya, na mwingine amewaelekeza kwa mganga wa kung'oa meno ya plastiki. Unauliza kama mtoto ni mgonjwa.

Kwa kuwa ananyonya vizuri, uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki na mchana ametulia, naona hilo ndilo ambalo wengi huku kwetu huliita chango, na madaktari huliita koliki. Mwaka 1954 daktari Morris Wessel wa Marekani alilipimia hivi: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Kilio cha wachanga huongezeka tangu wiki ya pili hivi, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, na wengi hutulia wakifika miezi 3 au 4. Wiki ijayo basi huenda ikawa ngumu kuliko hii, na ni afadhali mlijue hilo mapema.

Chanzo chake hakijathibitishwa hata leo. Tumbo hujaa na miguu hukunjwa, lakini sehemu ya hewa hiyo mtoto huimeza akiwa analia. Wanaonyonya na wanaopewa maziwa ya kopo hupatwa vilevile, kwa hiyo mkwe wangu hana kosa lolote. Mwambie hivyo wewe mwenyewe, tena mbele ya hao wanaomsema.

Msimpe maji, mizizi wala asali. Asali ya huku kwetu ni nzuri kwa mtu mzima, lakini kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1 inaweza kubeba vimelea vinavyolegeza misuli hadi pumzi ikakatika. Na meno ya plastiki hayapo: kinachochimbwa ni vichipukizi vya meno yake halisi. Nilipokuwa tabibu nilipokea wachanga waliochimbwa fizi kwa chuma kichafu, wakiwa hawawezi tena kufumba mdomo kwenye titi. Naomba mjukuu wangu asifikishwe huko.

Akishanyonya, mwinue begani mpaka acheue. Jioni zimeni redio, umlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa kwenye kiwiko, utembee naye taratibu. Mkague pia kwa taa: unywele uliojizungusha kwenye kidole cha mguu, au uvimbe kwenye kinena, humliza mtoto kwa maumivu ya kweli.

Mpokezaneni. Ukihisi hasira inapanda, mlaze chali kitandani mwake mahali salama, utoke nje kwa dakika 10 hivi, kisha urudi kumtazama. Kulia hakutamdhuru, lakini kutikiswa mara moja tu kunaweza kupasua mishipa ya damu ya ubongo wake, akapofuka au akafa. Hili limewapata hata wazazi wapole waliochoka, na ndilo ninalolihofia kuliko yote niliyoandika.

Akipata joto la 38 au zaidi, akakataa kunyonya, akatapika rangi ya kijani, akatoa choo chenye damu, akavimba utosi, akapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akalegea au akapata degedege, hiyo si koliki: mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa usiku huohuo, msingoje kuche.

Jumamosi mama yako atapanda basi la asubuhi kutoka Kondoa. Jioni hiyo mkabidhini mtoto, kisha ninyi wawili mlale.

Ni mimi baba yako.