Usimlipie kijana timu ya kusafiri kabla hujajua nani anahesabu mitupo yake

Mkuu, hiyo amana ya timu ya kusafiri unayotakiwa kulipa Ijumaa usiilipe. Soma hapa kwanza.

Umeandika kwamba kijana ana miaka 14, ni mrushaji wa besiboli, yaani yule anayemtupia mpira mpigaji wa gongo, na mnaishi Columbus, Ohio. Ligi ya mtaa inamtaka kuanzia Juni, timu ya kusafiri, ile ya kulipia inayozunguka kwenye mashindano ya mbali, nayo imempa nafasi, na kocha wa hiyo timu amekuhakikishia kwamba anaweza kucheza pande zote mbili: wikendi kwao, katikati ya wiki mtaani. Ukauliza ipi bora, gharama zikoje, na kama vyuo vitamwona. Mimi hilo la pande zote mbili ndilo limenishtua, maana huko ndiko viwiko vya watoto vinakoharibikia, na kocha anayemwambia mzazi maneno hayo anajua kabisa anachokifanya.

Mrushaji si sawa na mchezaji mwingine uwanjani, kama anayesimama bezi ya pili. Kila mtupo wa nguvu unaivuta ligamenti, yaani ukano unaoshikanisha mifupa, ya upande wa ndani wa kiwiko, na kwa mtoto wa umri huo mfupa ambako ligamenti hiyo imejishikiza mara nyingi bado una gegedu la ukuaji, haujafunga. Ndiyo maana MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na USA Baseball, chama cha taifa cha mchezo huo, walitoa mwongozo wa Pitch Smart mwaka 2014. Kwa miaka 13 na 14 kikomo ni mitupo 95 kwa siku. Wazazi wengi wanaikariri hiyo 95 na kuishia hapo, wakati kinachomlinda mtoto hasa ni mapumziko: mitupo 1 hadi 20, hakuna siku ya lazima ya kupumzika; 21 hadi 35, siku 1; 36 hadi 50, siku 2; 51 hadi 65, siku 3; kuanzia 66, siku 4 kamili.

Sasa tuchukue wiki moja ya kawaida ya Juni. Jumamosi asubuhi anarusha 48 kwenye mashindano. Kwa hesabu hiyo Jumapili na Jumatatu hatakiwi kugusa kilima, yaani sehemu iliyoinuka anakosimama kurusha. Lakini Jumapili saa tisa mchana timu imeingia nusu fainali, warushaji wamekwisha, kocha anamwita amalizie awamu moja tu, yaani kipindi kimoja cha mchezo: mitupo 22. Jumanne jioni anakuja ligi ya mtaa. Kocha wa mtaa anafungua karatasi yake, anaona sifuri, anampanga aanze, anarusha 70. Hiyo ni mitupo 140 ndani ya siku nne. Karatasi ya kwanza inasema 70, ya pili inasema 70, na ukiziangalia kila moja peke yake utadhani mtoto yuko chini ya 95 bila shida yoyote. Hakuna aliyeandika uongo. Ni kwamba hakuna mwenye hesabu nzima.

Na hapo bado hujaongeza mitupo isiyoandikwa popote. Kabla ya mchezo anapasha mkono pembeni, mara nyingi mitupo 25 au 30. Kabla ya kila awamu anarusha mingine ya kujiweka sawa. Halafu kuna balaa la kumtoa kilimani na kumfanya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, mchezo huohuo, ambapo anarudisha kila mpira kwa mrushaji mwenzake. Pitch Smart wenyewe wanasema hilo liepukwe, sawa na mrushaji kuchezea timu mbili kwa wakati mmoja. Iko kwenye maandishi, mkuu, si maoni yangu.

Mwaka 2006 watafiti wa ASMI, taasisi ya tiba ya michezo kule Birmingham, Alabama, walilinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji wa kiwiko au bega na wenzao wasioumia. Waliorusha zaidi ya miezi minane kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kuingia kundi la upasuaji. Waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka, mara 36. Rudia kuisoma hiyo namba. Upasuaji wenyewe wa kutengeneza upya ligamenti ya kiwiko, ule unaoitwa Tommy John, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, unamweka mrushaji nje miezi 12 hadi 18. Kwa kijana wa sekondari hiyo inaweza kuwa misimu miwili kati ya minne aliyo nayo.

Kinachonikera ni lugha ya hawa makocha wa kulipwa. Mzazi mgeni wa mchezo, aliyekulia kwenye mpira wa miguu, anaambiwa mtoto ana mkono wa chuma, barafu ikiwekwa usiku asubuhi atakuwa sawa, akibaki mtaani atapotea. Barafu hairudishi ligamenti iliyochanika. Na wapo wanaovumilia mtoto amezeshwe dawa ya maumivu kati ya mchezo na mchezo. Hiyo usikubali hata siku moja, kwa sababu maumivu ndiyo taarifa pekee unayopata mapema. Kaa nyuma ya wavu umtazame: kiwiko kinashuka chini ya bega, mipira inaanza kupaa juu, anakung'uta mkono kati ya mtupo na mtupo, anachukua muda mrefu kabla ya kurusha. Ukiona mawili kati ya hayo, atoke, hata kama kocha amenuna. Akiamka kesho yake anaumwa upande wa ndani wa kiwiko, ni daktari, si mapumziko ya nyumbani.

Kwa hiyo kanuni ni hii na sina nyingine: timu moja kwa msimu mmoja, na daftari la mitupo likae kwa mzazi. Daftari la shule la kawaida linatosha. Tarehe, timu, mitupo ya mchezo, mitupo ya kupasha mkono, siku atakayoruhusiwa kurudi kilimani. Programu za simu za timu zinahesabu vizuri, lakini kila timu inaona michezo yake tu. Hesabu pia awamu za mwaka mzima, zisizidi 100, na umpe miezi minne bila kurusha, miwili au mitatu kati yake iwe mfululizo. Timu ya kusafiri yenye ratiba ya vuli na ya ukumbini wakati wa baridi haiwezi kukupa hiyo miezi. Waulize, wataanza kuzungukazunguka.

Gharama: ada wanayokutajia ni mlango tu. Uliza sare, kiingilio cha wazazi getini kila siku, na hoteli, maana mashindano mengi yanalazimisha timu kulala kwenye hoteli zilizopangwa na mwandaaji. Kutoka Columbus hadi viwanja vya LakePoint pale Emerson, Georgia, ni mwendo wa takriban saa nane barabarani, na anaweza kwenda kukaa benchi.

Kuhusu vyuo, kocha wa Division I, daraja la juu la michezo ya vyuo vya Marekani, haruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kabla ya Agosti 1 ya kuingia darasa la 11. Wako hajafika huko. Anayekuuzia kuonekana akiwa na miaka 14 anakuuzia kitu ambacho bado hakipo sokoni. Msimu huu mpeleke ligi ya mtaa. Zipo ligi za namna hiyo: Babe Ruth wana daraja la miaka 13 hadi 15, PONY wana la 13 na 14, na baadaye kuna American Legion, ambayo ipo tangu 1925 na inachukua vijana hadi miaka 19. Akifika 16 na bado anarusha vizuri, chagua timu moja ya kusafiri kwa kiangazi kimoja, na uache ya mtaa.

Kama bado unaitaka hiyo timu, mtumie kocha ujumbe wa maandishi leo, si simu. Muulize ana warushaji wangapi kwa wikendi ya michezo mitano, nani anaandika mitupo, na kama anakubali kwa maandishi kwamba ukisema mtoto harushi Jumapili, harushi. Akijibu chini ya warushaji wanane, au akikwepa hilo la tatu, rudisha fomu bila kusaini.