Nendeni wanne, na mapema

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ukiwa mbali na nyumbani, ni mlo gani wa wikendi unaokushibisha bila kukufilisi?" Mimi naishi Guangzhou, kusini mwa China, kwa shughuli za kununua mzigo wa Kariakoo, na jibu langu ni dim sum ya asubuhi. Wenzangu wengi wanaokuja kwa wiki moja huniambia ni ghali. Ni ghali kweli, kwa mtu aliyekwenda peke yake.

Dim sum ni vitafunwa vya chai, vingi vikiletwa mezani ndani ya vikapu vidogo vya mwanzi, bado vinafuka mvuke. Kikapu kimoja huwa na vipande 3 au 4, na hesabu yote iko hapo. Ukiwa peke yako, vikapu viwili vimekujaza na umeonja vitu viwili tu. Mkiwa wanne mnaonja vitu saba, vinane, na bili ikigawanywa huwa haizidi yuan 60 kwa kichwa. Mkiwa watano jiandaeni kugombania kamba.

Hao kamba, wanaofungwa kwenye ngozi ya unga na kuitwa har gow, ndio ninaowatumia kupima jiko. Ngozi yake ni ya wanga wa ngano, nyembamba kiasi kwamba unaiona rangi ya kamba ndani. Ukiinua na vijiti ikachanika, au ikabaki imeng'ang'ania kikapuni, mpishi huyo hajaiva. Wiki ijayo hamia kwingine.

Bei hupangwa kwa madaraja: dogo, la kati, kubwa, na maalumu. Vyenye kamba hukaa juu. Maandazi ya mvuke na keki ya mvuke ya sukari nguru hukaa chini. Sisi huagiza kikapu kimoja cha juu, vingine vyote vya chini na vya kati. Msiiruke miguu ya kuku. Kwetu tumezoea ya supu. Hapa hukaangwa kwanza, ikalowekwa, kisha ikapikwa kwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa, mpaka ngozi inavuka yenyewe mdomoni. Ni ya bei nafuu na, kwa maoni yangu, inawashinda hao kamba.

Chai hulipiwa kwa kichwa, yuan chache, na maji ya moto huongezwa bila malipo. Birika likiisha, legeza mfuniko uuache upande, mhudumu ataona. Mwenzako akikumiminia, gonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yenyewe, hata kama mdomo umejaa. Chai ya kwanza usinywe: wenyeji huisuuzia vikombe na vijiti. Na ukikuta kisahani cha karanga ambacho hukukiagiza, uliza. Mara nyingi kinaingia kwenye bili, na ukikikataa hakuna anayenuna.

Saa 1 asubuhi wazee wastaafu wameshakaa na magazeti yao, na hawana haraka ya kuondoka. Wikendi, ukifika saa 4 unapewa namba na kusimama mlangoni. Mikahawa mingi hupunguza bei baada ya saa 8 mchana, ila punguzo hilo mara nyingi ni la siku za kazi.

Kwa Waislamu sitawadanganya. Kitimoto hakiko kwenye siu mai (vifuko vya nyama vilivyo wazi juu) na maandazi ya char siu (nguruwe wa kuchoma) peke yake. Mafuta yake huchanganywa hata na kamba, na mara nyingi na mabumunda ya nyama ya ng'ombe, na ganda la vitobosha vya mayai nalo linaweza kuwa na mafuta hayohayo. Kuchagua kwa macho hakutoshi. Rafiki zangu wanaojali hilo hula kwa Wahui, Waislamu wa Kichina, tambi za kuvutwa kwa mkono na mchuzi wa ng'ombe, na wanalipa pungufu kuliko sisi.