Ndege za Mfano na Unyevu wa Zanzibar: Ushauri kwa Anayeanza

Maelekezo mengi ya kuunga na kupaka rangi ndege za mfano yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako rangi huachwa ikauke taratibu ndani ya chumba kikavu na duka la vifaa liko mtaa wa pili. Anayeanza kazi hii Unguja au Pemba akiyafuata neno kwa neno, atashangaa kuona gundi imekamata kabla kipande hakijakaa sawa, rangi imekauka juu ya brashi, na vanishi imeota weupe usiofutika. Mkono wake haukuwa na tatizo. Hewa yetu ina mambo yake, na anayeyajua mapema huokoa plastiki na fedha. Mimi bado nimo katika kujifunza, na haya ninayoyaandika ni yale yaliyonifaa mezani kwangu hapa mjini, kwa vifaa ambavyo sehemu kubwa vinapatikana Darajani na katika maduka ya vipuri vya magari.

Kuhusu ndege ya kuanzia, ushauri wangu ni ndege ndogo ya injini moja katika kipimo cha 1/72, yaani kipimo ambacho inchi moja ya mfano husimama badala ya futi sita za ndege yenyewe. Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 1936, ina mbawa za upana wa mita 11.23, na katika kipimo hicho hutoka sentimita 15 na nusu hivi, ukubwa unaoshikika vizuri bila ya kumaliza meza nzima wala kopo zima la rangi. Airfix ya Uingereza ilitoa Spitfire yake ya mwanzo mwaka 1953, na leo ndege hiyo inatolewa pia na Tamiya na Hasegawa za Japani na Revell ya Ujerumani, kwa hiyo kuipata si shida kama ilivyo kuzipata nyengine. Najua wengi wetu tungependa kuanza na ile ATR 72 tunayoiona ikitua katika uwanja wa Abeid Amani Karume, kwa sababu ndiyo tuliyoipanda. Hata hivyo mbawa zake ni mita 27, sawa na sentimita 37 na zaidi kwa kipimo hicho hicho, na bodi yake ndefu yenye weupe mwingi ni mtihani kwa mtu anayepaka kwa brashi. Nyeupe ndiyo rangi ngumu kuliko zote. Huonesha kila mstari wa brashi na kila unywele ulioangukia. Kijani na kahawia za Spitfire ya mwaka 1940 zina huruma zaidi.

Mwenye kutaka ndege yenye historia ya pwani yetu atavutiwa na Dragon Rapide ya de Havilland, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1934 na kutumiwa na Wilson Airways, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na lililokuwa likileta abiria na barua mpaka Zanzibar. Ni ndege nzuri kwa macho, lakini ina mbawa mbili za ghorofa, nguzo kati yao na nyaya za kuzikaza. Iwe ya baadaye, si ya mwanzo.

Wengi wetu huagizia vitu hivi kwa ndugu walioko Muscat, Dubai au Uingereza, na hapa pana jambo ambalo mtumaji lazima aambiwe kabla hajafunga begi. Gundi ya kuyeyusha plastiki, rangi za mafuta, thina na makopo ya kupulizia rangi ni vitu vinavyoshika moto, na haviruhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege. Seti yenyewe, yaani boksi la vipande vya plastiki vya kuunga, hupita bila ya matatizo, na rangi za akriliki zinazochanganywa na maji kwa kawaida hazina taabu, lakini ni vyema asome maandishi ya kichupa, kwa kuwa baadhi ya akriliki nazo zina pombe ndani yake. Kama gundi yenyewe haijafika, mtu asikae akisubiri. Kazi ya kuosha, kukata, kusugua na kujaribisha vipande vikavu, yaani kuviunganisha bila ya gundi, ni nyingi kuliko anavyodhani, na seti iliyojaribishwa vizuri huungwa kwa haraka siku gundi inapofika.

Kuosha ni kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mabaki ya dawa ya kuitolea kwenye kalibu, na rangi haishiki juu yake. Kwa joto letu pana sababu ya pili, nayo ni jasho. Mikono inayotoka jasho, au iliyopakwa mafuta ya nazi asubuhi, huacha alama ambazo huzioni mpaka rangi ikatae kushika hapo hapo ulipokuwa umeikamata bawa. Mimi huweka kitambaa kikavu pembeni na hunawa mikono kabla ya kila hatua ya rangi. Vipande hukatwa kutoka kwenye fremu, yaani vijiti vya plastiki vinavyovishikilia, kwa kikata kucha kizuri, mbali kidogo na kipande chenyewe, kisha kile kibaki kinaondolewa kwa wembe na msasa. Ukikivunja kwa mkono, kitang'oka na nyama ya kipande. Wembe na koleo navyo vina adui wao, ambaye ni hewa ya chumvi. Tone la mafuta ya cherehani huzuia kutu, ila lazima lifutwe lote kabla chombo hakijagusa plastiki.

Katika gundi ndipo tofauti ya hapa na kwengine inapoanza kuonekana waziwazi. Gundi ya kweli ya kazi hii haigandishi tu. Huyeyusha plastiki za pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Unaziweka nusu mbili za bodi pamoja, unazifunga kwa vipande vya tepu, kisha unagusisha brashi yenye gundi nyepesi kwenye mstari wa kiungo na gundi inajivuta yenyewe ndani. Ukibana kwa upole baada ya sekunde chache, utaona uzi mwembamba wa plastiki laini unachomoza katika mstari mzima. Huo uzi ni dalili njema, usiufute. Uache mpaka kesho yake, ukwangue kwa wembe, usugue kwa ule msasa wa maji wanaotumia mafundi wa rangi za magari, ukianza na namba 400, kisha 600, umalizie na 1000, na kiungo kitapotea bila ya puti, ule udongo wa kuzibia nyufa.

Supaglu za dukani zinafaa kwa vipande vidogo vya chuma au vya kutokea pembeni, lakini mtu ajue kwamba gundi hizo hukazwa na unyevu. Wakati wa masika hukamata papo hapo, na mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki ya karibu. Kwa sababu hiyo kioo cha rubani kisiguswe kabisa na supaglu. Gundi nyeupe ya mbao, ile wanayotumia maseremala, inakitosha: hukauka ikawa haina rangi, haiumizi kioo, na iliyomwagika hufutwa kwa kitambaa kibichi.

Ndege zinazosimama kwa gurudumu la pua, kama Cessna Caravan zinazokwenda Pemba kila siku, zinahitaji uzito mbele kabla bodi haijafungwa, la sivyo zitakaa kwa mkia maisha yao yote. Maelekezo ya seti hutaja gramu zinazohitajika. Hapa hatuna haja ya kutafuta vitu vya pekee, kwani chubwi ndogo za wavuvi zinazopatikana Malindi zinatosha kabisa. Unazibana kwa puti ndani ya pua, unajaribisha kwa kuishikilia ndege juu ya magurudumu yake, ndipo unafunga. Chubwi ni madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo nawa mikono baadaye na usiziache mahali pa watoto. Spitfire, yenye gurudumu dogo la nyuma, haina shida hiyo, na ni sababu nyengine ya kuanza nayo.

Sasa rangi. Kabla ya rangi hupakwa praima, yaani rangi ya chini ya kushikia rangi nyengine, na juu ya jambo hili nilipata funzo kwa fundi mmoja wa kupiga rangi magari, mzee wa Mwanakwerekwe, niliyemwonesha bodi ya ndege na kumuuliza kama rangi nzito itaziba mikwaruzo. "Mwanangu," alinijibu, "rangi haifichi kitu, rangi inaumbua." Praima ya kijivu huumbua mapema, wakati bado unaweza kurudi kwenye msasa. Praima za kopo za magari zinafaa, lakini zimechanganywa na thina kali inayoweza kuila plastiki. Ijaribu kwanza kwenye fremu tupu, kisha puliza kwa mbali, tabaka nyepesi kama vumbi, ukipumzika kati ya moja na nyengine. Ile thina ya kawaida ya dukani isitumike kamwe kusafishia ndege yenyewe. Plastiki italainika na kupoteza sura.

Wakati wa kupuliza ni muhimu kuliko aina ya kopo. Hewa yetu huwa na unyevu mwingi zaidi usiku na alfajiri, na hupungua mchana. Wengi tunapata nafasi baada ya Isha, na kwa kuunga wakati huo hauna ubaya, lakini kupuliza rangi usiku, hasa miezi ya Machi hadi Mei, ni kutafuta balaa: umande mwembamba hukamatwa ndani ya rangi inayokauka na uso unatoka na weupe. Mimi huziweka kazi za kupuliza katika mchana mkavu wa kusi, Juni hadi Septemba, barazani, upande uliokingwa na upepo. Chumbani hapafai, kwa ajili ya mvuke. Kipande kilichopulizwa kifunikwe kwa deste safi la plastiki mpaka kikauke, maana feni inapozunguka huleta kila vumbi la nyumba. Kawa la chakula lingependeza zaidi, lakini linaachia nyuzi.

Kwa anayepaka akriliki kwa brashi, adui hugeuka, na joto linakuwa baya kuliko unyevu. Tone la rangi kwenye kisahani huanza kufanya ngozi kabla hujamaliza bawa moja, na ukirudia juu ya sehemu iliyoanza kukauka, brashi huikokota ikawa makovu. Toa rangi kidogo kidogo, iongeze maji mpaka iwe nyepesi kiasi cha tabaka la kwanza kuonesha plastiki chini yake, na usiogope sura yake mbaya. Tumia brashi pana na laini, paka kwa mwelekeo mmoja, usirudi nyuma. Ikikauka kabisa, paka tabaka la pili kwa kukata mwelekeo wa la kwanza. Tabaka tatu nyepesi hutoa uso mzuri kuliko moja nzito, na mistari ya paneli, yaani vifereji vyembamba vilivyochorwa juu ya plastiki, haizibwi. Njano na nyekundu zitandikiwe nyeupe kwanza, vyenginevyo utapaka bila ya kufika. Zima feni ukiwa unapaka, jasho livumilie. Kuhusu bunduki ndogo za rangi na kompresa, naziona ni gharama isiyo na haraka kwa mtu ambaye hajamaliza hata ndege mbili.

Stika za maji, zile zenye alama na namba, hazipendi uso wenye chengachenga. Ukiziweka juu ya rangi isiyong'aa, hewa inabaki chini yake na pembeni huonekana kung'aa kama madini ya fedha. Paka kwanza vanishi ya kung'aa, iache ikauke vizuri, kisha kata stika moja moja, itie katika maji ya vuguvugu kwa sekunde chache, iweke juu ya kitambaa kwa dakika moja, na iteleze mpaka mahali pake. Palipo na mkunjo au rivet, yaani kichwa cha msumari wa bati, siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji huilainisha kidogo ikalala. Ijaribu kwanza kwa stika usiyoihitaji. Bana kwa pamba kutoka katikati kwenda pembeni. Karatasi ya stika ambayo hujaitumia itiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vipaketi vya kukausha vinavyokuja na viatu, kwa kuwa ikipata unyevu gundi yake huamka na karatasi zikagandana.

Anayetaka kuichakaza kidogo ndege yake aangalie ndege za kweli kabla hajachukua rangi nyeusi. Abiria wa Caravan akiwa anasubiri kupanda ataona kwamba bomba la moshi liko chini ya pua upande wa kulia, na masizi yamejipaka kuelekea nyuma upande huo huo tu. Kuipaka masizi pande zote mbili ni kuiongezea ndege bomba ambalo haina.

Hatua ya mwisho ni vanishi isiyong'aa, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi za hapa, kwa sababu mtu huwa na haraka ya kumaliza na hali ya hewa haimsubiri. Mvua ikiwa karibu, iache ndege ndani ya boksi lake. Ikiwa umeshapuliza na uso umeota weupe, usisugue wala usitie thina: iache ikauke siku nzima, puliza juu yake tabaka nyepesi la vanishi ya kung'aa mchana wenye jua, na mara nyingi weupe huondoka. Vanishi isiyong'aa itarudiwa siku nyengine iliyo kavu, na baada ya hapo ndege iwekwe kabatini, mbali na dirisha linalopigwa na jua, kwa kuwa jua hufifisha stika na joto la kioo huweza kupinda mbawa.